Ruzuku za uvuvi: hizi kanuni mpya za WTO zinamwokoa samaki au zinatufungia mlango sisi tusio na meli?

Mwana_wa_Diko (Tanga), mleta mada

Wakuu habari za jioni.

Tarehe 15 Septemba 2025 mkataba wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) wa ruzuku za uvuvi umeanza kufanya kazi rasmi. Ulipitishwa Geneva Juni 2022 ukakaa unasubiri theluthi mbili ya wanachama waridhie, yaani nchi 111, na siku hiyo Brazil, Kenya, Tonga na Vietnam ndio wakakabidhi makaratasi hesabu ikatimia. Mazungumzo yenyewe yalianza Doha 2001, mimi nilikuwa darasa la tatu.

Mkataba unakataza serikali kutoa ruzuku sehemu tatu: kwa chombo kinachovua kiharamu, kwa uvuvi wa samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi, na kwa uvuvi wa bahari kuu kule ambako hakuna taasisi yoyote ya kikanda inayosimamia. Hayo sina ubishi nayo.

Kinachonikaa kooni ni hiki. Mchumi wa uvuvi Rashid Sumaila na wenzake walipiga hesabu kwamba mwaka 2018 serikali za dunia zilitoa ruzuku za uvuvi dola bilioni 35.4, na bilioni 22.2 kati ya hizo ni zile za kuongeza nguvu ya kuvua, mafuta ya bei nafuu, kujenga meli, injini. Wanaoongoza ni China, Umoja wa Ulaya, Marekani, Korea Kusini na Japani. Meli hizo zimeshajengwa, zimeshalipiwa, ziko majini sasa hivi tunavyoongea. Halafu ndio ruzuku inageuka kuwa kitu kibaya. Mzee wangu ana ngalawa mbili na mashua moja yenye mashine ya HP 15, tangu nipate akili hajawahi kupewa hata lita moja ya petroli na serikali yoyote, mwaka huu ndio kwanza anafikiria kuomba mkopo wa boti usio na riba.

Nasema kanuni zimekuja wakubwa wakiwa wameshapita mlangoni. Nikosoeni.

---

#2 Sato_Mwanza

Umenena mkuu. Huku ziwani tumemalizwa kabisa, sangara wanavuliwa wadogo mpaka huruma, viwanda vya minofu vimepunguza kazi, halafu serikali imekopesha watu boti na vizimba. Sasa hao WTO wakisema Ziwa Victoria limevuliwa kupita kiasi si ndio mikopo yote inakufa? Hii ni hatari kubwa kwetu Kanda ya Ziwa.

---

#3 Sheria_na_Chumvi

@Sato_Mwanza hapana ndugu yangu, tulia. Mkataba huu unahusu uvuvi wa baharini tu, samaki wa porini waliomo baharini. Maziwa na mito haimo. Ufugaji wa samaki nao haumo, kwa hiyo vizimba vyenu havimo hata vingekuwa baharini, na kilimo cha mwani pia kiko nje. Kwa habari ya ziwa nyie mnashughulika na sheria za nchi tatu na ile taasisi ya uvuvi wa ziwa iliyoko Jinja, Uganda, WTO haiwagusi.

Mleta mada kwako nina mawili. La kwanza, mkopo usio na riba ukitoka serikalini ni ruzuku kwa tafsiri ya WTO, hilo usijidanganye, kwa sababu serikali imetoa kitu na aliyepewa amepata nafuu ambayo asingeipata benki ya kawaida. La pili, kuwa ruzuku sio kuwa marufuku. Marufuku ni zile tatu ulizotaja mwenyewe. Mzee wako akikopeshwa boti akavua vibua kihalali, na hakuna mamlaka iliyotangaza kwamba vibua wa eneo hilo wameisha, hakuna kifungu kinachomkamata. Na hata wakitangazwa, nchi zinazoendelea zina miaka miwili ya kutoshitakiwa kwa ruzuku za uvuvi wa ndani ya maili 200 za bahari yao, kuanzia hiyo Septemba 15.

---

#4 Sato_Mwanza

Shukrani sana @Sheria_na_Chumvi, hapo umenitoa tongotongo. Nabaki nasoma, maana sangara wangu hamumtaki.

---

#5 Kaka_Uchumi

Hapa watu wanasahau kwa nini ruzuku inaua samaki, ngoja niweke kwa lugha ya dikoni.

Chombo kinaenda baharini kikirudi unatoa kwanza gharama, mafuta, barafu, chambo, chakula cha mabaharia. Kinachobaki ndio mnagawana, fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, na watu. Samaki wakipungua unatumia mafuta mengi kupata kilo zilezile, inafika siku gharama inameza pato lote, na hiyo siku nahodha mwenye akili anabaki nyumbani. Kule kubaki nyumbani ndio pumziko la bahari. Sasa serikali ikilipa mafuta, ile siku ya kubaki nyumbani haifiki. Chombo kinaendelea kwenda kwenye mwamba ambao ulishakuwa hasara, kinamfuata mpaka samaki wa mwisho. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema mwaka 1974 akiba za samaki zilizovuliwa kupita kiasi zilikuwa asilimia 10, leo ni zaidi ya theluthi moja. Mafuta ya bei nafuu yana mkono wake hapo.

Na hesabu hii haibagui, HP 15 ya mzee Tanga na meli ya mita 80 zinafuata kanuni ileile.

---

#6 Baharia_Mstaafu (Kigombe)

@Kaka_Uchumi umesema kweli lakini umeisema ukiwa umekaa kitini. Mimi nimekuwa nahodha miaka 31. Ni kweli mafuta yakipanda tunalala, nimeona mwaka ule bei ilipopanda sana diko lilikuwa kimya wiki nzima. Lakini hujaniuliza tukilala watoto wanakula nini. Na hujauliza wale ambao hawakulala walifanya nini, waliacha mashine wakashuka na juya pale pale pwani kwenye majani, wakakokota vichanga vya changu na tasi ambavyo hata mboga havifai. Juya halili mafuta. Kwa hiyo mafuta ghali yamepumzisha mwamba wa mbali na kuua kitalu cha samaki cha karibu. Hilo nimeliona kwa macho haya.

Ndio maana nasema mvuvi mdogo asaidiwe kutoka nje, maji mengi, aachane na ufukwe.

---

#7 Mama_Nguru (Feri, Dar)

Mzee wangu @Baharia_Mstaafu shikamoo. Hapo kwenye juya umegusa panapouma. Mimi mchuuzi nanunua mnadani, zamani ndoo moja ya changu nilikuwa nahesabu samaki ishirini na kitu imejaa, siku hizi nahesabu mpaka nachoka bado haijajaa na bei iko juu. Wanaume mnajadili Geneva ila kipimo chenu kipo kwenye ndoo yangu.

Na mimi naomba niulize, hizo bilioni za ruzuku kuna hata moja ya barafu? Maana samaki tunaowatupa kwa kuharibika ni samaki waliokwisha kuvuliwa. Mkinipa chumba cha baridi nitauza wale wale kwa bei nzuri bila mtu kuongeza ngalawa hata moja.

---

#8 Sheria_na_Chumvi

Mama @Mama_Nguru, barafu na majokofu ya nchi kavu hayakatazwi popote kwenye mkataba huu. Unahusu kuvua na shughuli za uvuvi zinazofanyika baharini. Vilevile doria, utafiti wa samaki, kulinda mikoko, hakuna aliyekataza. Na serikali ikitaka kusaidia baada ya maafa inaruhusiwa, mfano kimbunga Hidaya kilivyopita Mafia na Kilwa Mei 2024, kuwafidia wavuvi vyombo kwa tukio lile na kwa muda maalum hakuna shida.

---

#9 Mtoto_wa_Amu

Hamjambo wa Bongo. Sisi Wakenya ndio tumetia saini siku ya mwisho kwa hiyo acheni niseme.

Huku Lamu na Ghuba ya Ungwana taabu yetu haikuwa juya peke yake. Meli za kamba zilikuwa zaja usiku karibu kabisa, zaburura nyavu zetu na madema yetu, asubuhi waamka huna kitu, mpaka 2006 zikasimamishwa. Sasa mimi nikisikia ati samaki wameisha kwa sababu ya mvuvi mdogo, naona watu wasahau haraka. Meli ya kuburura usiku mmoja yatoa kamba magunia na wale samaki wengine wafu yawatupa baharini, mimi mwaka mzima siwezi kufanya hasara ile.

---

#10 Baharia_Mstaafu

Kweli kabisa mwanangu wa Amu, na huku kwetu nako serikali ilisimamisha meli za kamba mwishoni mwa miaka ya 2000, upande wa Rufiji na Bagamoyo. Sikatai. Lakini nijibu hili kwa haki, zilipoondoka kamba walirudi wangapi? Huku walirudi kidogo kisha sisi wenyewe tukawamaliza kwa nyavu za macho madogo.

---

#11 Mtoto_wa_Amu

Mzee mimi siwezi kukujibu kwa idadi. Naweza kukujibu kwamba mikoko ilikatwa pia, na kamba mchanga hukaa mikokoni. Kila mtu ana kisu mkononi.

---

#12 Jodari_77

Nasoma kimya kimya toka jana, sasa acha niseme la kwangu maana mimi nimefanya kazi kwenye meli ya mishipi mirefu ya kigeni miezi kumi na nne, kampuni siitaji.

Kule nje hamkujui. Mshipi mmoja unanyooka kilomita nyingi kuliko Tanga hadi Pangani, una ndoana maelfu, mnashusha alfajiri mnapandisha mpaka usiku wa manane, kulala ni masaa manne. Meli haikurudi bandarini miezi na miezi, mafuta tulikuwa tunaletewa na meli nyingine baharini na samaki wanahamishiwa hukohuko. Nilimuuliza fundi mkuu, mbona siku nyingine tunapata jodari wachache hivi na bado tunaendelea, hii si hasara? Akanijibu kwa mkono, akasugua vidole kama mtu anayehesabu hela, akaelekeza kidole kwao. Hiyo ndio ruzuku nilivyoielewa mimi, sikuisoma popote.

Na mapezi ya papa yalikuwa yanakaushwa juu ya sitaha. Mshahara wa miezi mitatu ya mwisho mpaka leo sijaupata.

---

#13 Mama_Nguru

Pole sana mwanangu @Jodari_77. Mungu akulipie.

---

#14 Mwana_wa_Diko

@Jodari_77 pole kaka, na asante kwa kuandika. Hii post yako ndio uzi mzima.

Nirudi kwenye hoja. Hiyo meli uliyokuwa, kwa mkataba huu, nani angeweza kuikatia ruzuku?

---

#15 Sheria_na_Chumvi

Wenye uwezo wa kutangaza chombo ni haramu ni watatu, nchi yenye maji, nchi yenye bendera ya hiyo meli, na jumuiya ya kikanda inayosimamia samaki husika, kwa jodari wetu ni ile Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi yenye makao Ushelisheli. Kwa hiyo Tanzania au Kenya ikiikamata meli kwenye maili 200 zake, ikafuata utaratibu, ikatoa taarifa kwa nchi ya bendera na nchi inayotoa ruzuku, ile serikali ya kule inatakiwa isimamishe ruzuku. Hii ni silaha ambayo hatukuwa nayo kabla. Zamani tulikamata meli tukabaki nayo.

---

#16 Mzee_wa_Kumbukumbu

Hahaha "tukabaki nayo". Mnakumbuka samaki wa Magufuli? Machi 2009, yeye waziri wa mifugo na uvuvi, meli ya Tawariq 1 imekamatwa na tani karibu 300 za jodari, samaki wakagawiwa mashuleni, magerezani, hospitalini, watu Dar walikula jodari ambao hawajawahi kuwaona. Kesi ikaenda miaka, meli ikaozea bandarini.

Halafu Januari 2018 kwenye Operesheni Jodari ikakamatwa Buah Naga 1 huku Mtwara, bendera ya Malaysia, ikakutwa na mapezi ya papa. Miaka 16 meli tunazozitaja kila siku ni hizo mbili. Bahari yetu ni kilomita za mraba zaidi ya laki mbili. Silaha anayosema @Sheria_na_Chumvi ipo, ila ili uitumie uwe na boti ya doria yenye mafuta. Hapo tumerudi palepale, mafuta ya doria nani anatoa?

---

#17 Sheria_na_Chumvi

Swali zuri. Kuna mfuko umeanzishwa WTO wa kusaidia nchi zinazoendelea kutekeleza, ukishirikiana na FAO, Benki ya Dunia na IFAD (mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo). Aliyeridhia ndiye anayeweza kuomba. Hela ni za hiari ya wafadhili na ni chache ukilinganisha na zile bilioni za mleta mada.

---

#18 Mwana_wa_Diko

Unaona sasa. Ruzuku ya kuvua bilioni 22, ya kulinda ni hiari ya mfadhili.

---

#19 Utupa (Unguja)

Assalaam alaykum. Najua watu wakisikia ruzuku wanawaza Wachina tu. Mie naomba tutazame na wale wanaojiita safi.

Meli za Kihispania na Kifaransa zinazovua jodari Bahari yetu ya Hindi zinatumia vile vyelezo vya kukusanyia samaki, vinatupwa baharini na mtambo wa setilaiti, samaki wanakusanyika chini yake wakubwa kwa watoto, wavu unazunguka unabeba wote. Jodari wa mapezi ya njano walitangazwa mwaka 2015 kwamba wamevuliwa kupita kiasi. Februari 2023 Mombasa, kikao maalum cha Kamisheni kikapiga kura vyelezo vifungwe siku 72 kwa mwaka. Umoja wa Ulaya ukaweka pingamizi, pingamizi zikawa nyingi, azimio likakosa meno.

Na kwenye huo mkataba wa WTO kuna sehemu ndogo chini ya ukurasa, someni vizuri, inasema malipo ya serikali kwa serikali kwa ajili ya kuruhusiwa kuvua maji ya nchi nyengine hayahesabiwi kuwa ruzuku. Yaani Ulaya inawalipa Ushelisheli mamilioni ya yuro kila mwaka ili meli zao ziingie, mwenye meli analipa sehemu tu ya gharama halisi, na hiyo si ruzuku. Mie nikilipiwa kodi ya duka na baba nimesaidiwa, ama sikusaidiwa?

---

#20 Kaka_Uchumi

@Utupa hiyo ni hoja nzito nakubali. Na ongeza hii, mkataba unagusa ruzuku mahsusi tu, nafuu ya mafuta ikitolewa kwa kila mtu nchini bila kubagua sekta haiguswi. Serikali yenye akili inaweza kupitia hapo.

Ila kuhusu jodari wa mapezi ya njano usiache nusu, mwaka 2024 tathmini mpya ya Kamisheni imesema hali imekuwa nzuri na hawamo tena kwenye waliozidiwa.

---

#21 Utupa

Najua, na hapo ndipo penyewe. Mwaka mmoja kaisha, mwaka mwengine kapona, na ruzuku inategemea neno hilo moja. Anaeandika hilo neno ni nani, na takwimu kampa nani? Nchi za pwani nyingi zetu haziwezi hata kuhesabu samaki wanaoshuka madikoni kwao.

---

#22 Jodari_77

Kwenye meli yetu daftari la mavuno lilikuwa linajazwa na mtu mmoja usiku. Sisemi zaidi.

---

#23 Baridi_Halifax

Wakuu, nawasoma nikiwa Kanada, pwani ya mashariki, mimi ni mzaliwa wa Mikindani. Niwape kisa cha huku.

Newfoundland walikuwa na samaki anaitwa kodi, nasikia wazee wa huku wanasema zamani ulikuwa unashusha kikapu unapandisha samaki. Serikali ikafukuza meli za kigeni kwa kuweka maili 200 mwaka 1977, kila mtu akashangilia, sasa samaki ni wetu. Halafu badala ya kupumzisha bahari wakasaidia meli zao wenyewe na viwanda vyao wenyewe kupanuka. Tarehe 2 Julai 1992 waziri akatangaza kufunga, kodi wamekwisha, watu zaidi ya elfu thelathini wakakosa kazi kwa siku moja. Mwaka 2024 ndio wakafungua, zaidi ya miaka thelathini, na wanasayansi wengine wanalalamika ni mapema.

Kwa hiyo mleta mada naelewa uchungu wako wa mlango kufungwa, ila mimi ninaishi kwenye nyumba ambayo iliingia mlango huo. Vijiji huku vimebaki na wazee.

---

#24 Mwana_wa_Diko

@Baridi_Halifax hili la kufukuza wageni halafu wenyewe kuwa wageni limenigusa. Lakini Kanada walipokosa samaki serikali iliwalipa wavuvi wale fidia na mafunzo. Sisi bahari ikifungwa nani atamlipa mzee wangu? Kwa hiyo hatulingani hata kwenye kuanguka.

---

#25 Baridi_Halifax

Hapo sina jibu ndugu yangu. Kweli walilipwa, miaka kadhaa.

---

#26 Mtoto_wa_Amu

Nauliza, huu mkataba waitwa wa kwanza, wa pili ni upi? Maana redioni walisema bado sehemu kubwa.

---

#27 Sheria_na_Chumvi

Ndiyo, na hii ndio sehemu yenyewe ambayo mleta mada alitakiwa aianze nayo (sikulaumu). Kilichopita 2022 ni kipande. Kilichobaki ni ruzuku zinazozidisha meli na kuvua kupita kiasi, zile za mafuta na kujenga vyombo hasa. Walijaribu Abu Dhabi Februari na Machi 2024 wakashindwa, wakajaribu tena Geneva Julai na Desemba mwaka huohuo wakashindwa. India ilisema wavuvi wake maskini ni mamilioni, ikataka nchi zinazoendelea zipewe miaka 25 ya mpito na nchi tajiri zinazovua mbali na kwao ndizo zifungiwe ruzuku kwa miaka 25. Mkutano wa mawaziri uliopangwa kufuata ni wa Yaoundé, Kameruni, Machi 2026.

Sasa sikiliza mleta mada. Kwenye rasimu ya hiyo sehemu ya pili nchi maskini zaidi kama Tanzania zinaachwa nje ya katazo, na nchi inayoendelea ambayo samaki wake wa baharini hawazidi asilimia 0.8 ya dunia nayo inaachwa. Kenya iko chini kabisa ya hapo. Yaani mlango unaosema umefungwa, kwenye rasimu uko wazi kwetu. Wanaogombana mlangoni ni wakubwa na India na wengine wa kati.

Na saa inatembea. Mkataba wenyewe umeandikwa kwamba kama sehemu ya pili haitapatikana ndani ya miaka minne tangu uanze kazi, basi hata huu wa kwanza unakufa, isipokuwa Baraza Kuu la WTO liamue vinginevyo. Hesabu mwenyewe, Septemba 2029.

---

#28 Mwana_wa_Diko

Hili la 0.8 sikulijua, nakiri, na linapunguza nguvu ya kichwa cha uzi wangu. Lakini rasimu sio mkataba. Na kuachwa wazi kwa sababu wewe ni mdogo maana yake ukikua unafungiwa. Tunajenga bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, jiwe la msingi liliwekwa Septemba 2023, bilioni 266 za shilingi, TAFICO, shirika la uvuvi la serikali, imefufuliwa, lengo letu ni kukua. Tunajenga bandari ili tubaki chini ya 0.8?

---

#29 Mtoto_wa_Tumbe

Mie wa Pemba. Nilikuwa sisemi ila naona nyote mnazungumza chombo na mafuta. Kwetu na visiwa jirani kuna vijiji vilianza kufunga miamba ya pweza miezi mitatu, Kisiwa Panza walikuwa mbele. Kinafungwa kipande cha mwamba, vijana wanalinda kwa zamu, siku ya kufungua kina mama na kina baba wanashuka na vijiti, pweza wanatoka wakubwa. Hakuna HP wala petroli wala mkopo. Gharama ni boti ya walinzi na ile njaa ya miezi mitatu.

Ruzuku ninayoitaka mie ni ya kumlisha yule mama miezi mitatu ile. Hiyo Geneva inaitwaje?

---

#30 Sheria_na_Chumvi

Kuna kifungu kinachoruhusu ruzuku hata kwa samaki waliozidiwa kama lengo ni kuwarudisha kwenye hali nzuri. Kwa maoni yangu hiyo ya kwenu ingeingia hapo bila tatizo. Sijaona nchi yetu yoyote imejenga hoja hiyo hadharani.

---

#31 Mama_Nguru

@Mtoto_wa_Tumbe mwanangu pweza wa kufungua nipigie simu mapema, sio mpaka wameshachukuliwa wote na watu wa mahoteli.

---

#32 Mtoto_wa_Tumbe

Haha Mama watu wa mahoteli wanalala dikoni siku mbili kabla, na wewe njoo na mkeka.

---

#33 Baharia_Mstaafu

Kufunga ni kuzuri, ila wapo wanaofunga mwamba wao halafu wanakwenda dago kwenye mwamba wetu. Bamvua iliyopita nimewakuta wavuvi wa kutoka mbali wamepiga kambi wiki tatu, kwao wamefunga, kwetu wanakomba. Nilipowauliza wakasema mzee bahari haina ukuta. Sasa hao na yule Mhispania tofauti yao ni ukubwa wa chombo tu.

Na tusisahau joto. Mwaka 1998 matumbawe yaligeuka meupe yakafa, mwamba niliokuwa naujua kama chumba changu ukawa kifusi. Hakukuwa na ruzuku wala juya pale, ni maji tu yalichemka. Kuna miamba haijarudi mpaka leo.

---

#34 Kaka_Uchumi

Ndio maana nasema mzigo ukiwa mwingi hivyo, angalau ule ulio mikononi mwetu tuushushe.

---

#35 Mtoto_wa_Amu

Mkononi mwa nani sasa. Rudi #19.

---

#36 Mwana_wa_Diko

Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu, nilikuwa nyumbani. Nimekaa na mzee tukajaza ile fomu ya mkopo wa boti, taasisi siitaji. Nimeisoma mstari kwa mstari nikiwa na maneno yenu kichwani. Inauliza urefu wa boti, inauliza HP ngapi, inauliza dhamana, inauliza kikundi kimesajiliwa lini na katibu ni nani. Kurasa sita. Hakuna mahali inapouliza unakwenda kuvua samaki gani wala mwamba upi, wala macho ya nyavu yako ni inchi ngapi.

Nikamwambia mzee, hawajakuuliza samaki. Akanyamaza kidogo, akasema, "Andika jodari na nguru, maji mengi. Vibua waache wapumzike." Nikamwambia baba hakuna nafasi ya kuandika. Akasema andika pembeni. Nimeandika pembeni.

---

#37 Jodari_77

Mzee wako apewe hiyo boti. Akihitaji mtu wa kumfundisha kutega mshipi mrefu wa kiasi, ndoana mia mbili sio elfu, mimi nipo na sina kazi.

---

#38 Sato_Mwanza

Naomba picha ya hiyo fomu mkuu, nataka kulinganisha na ya vizimba.

---

#39 Baharia_Mstaafu

Kusi linaisha, bahari imeanza kulala. @Jodari_77 njoo Kigombe kabla kaskazi haijashika, ulizia nyumba ya nahodha mstaafu utaonyeshwa. Njoo na ndoana zako.